Niliagiza kifaa cha kupumulia majini kwa posta, kikanigomea mtoni Usangu, na waranti ikakataliwa

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, na waliobaki salama?

Ninachoandika hapa si chai, si hadithi ya kutunga. Nilikuwepo, na maji ya siku ile niliyanywa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kilichonifanya nishike simu ni mjukuu wangu. Yuko Zanzibar, anafundisha watalii kuzamia. Amenunua regulator online, yaani kile kidude unachong'ata mdomoni ili upumue ukiwa chini ya maji. Bei ilikuwa ya kutupa, akajisifu wiki nzima. Miezi minne haijaisha, kinavuja.

Akaandikia wauzaji. Wakamjibu kistaarabu kabisa. Waranti ipo, spea utapewa bure. Ila kukisafirisha ni juu yako, kufungua na kukagua ni juu yako, na ushuru kikirudi ni juu yako. Amepiga hesabu, inakaribia bei ya kipya.

Akanipigia kwa hasira. "Babu, sasa hiyo ni waranti gani?"

Nikacheka mpaka bibi yake akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Hilo swali nililiuliza mimi kabla mama yake hajazaliwa, tena nikiwa Usangu, ambako bahari tuliisikia redioni tu.

Kaeni vizuri, ni ndefu kidogo.

Mimi ni Mhehe wa Kalenga. Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa kijana, fundi wa mradi mmoja wa umwagiliaji kule uwanda wa Usangu, mkoa wa Mbeya. Mradi wenyewe siutaji jina. Kazi yangu ilikuwa mlango wa maji, ule unaofunguliwa ili maji ya mto yaingie kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga.

Shida ya ule mlango ni moja. Mto ukijaa, unaleta magogo. Gogo likikaa chini ya mlango, mlango haufungi wala haufunguki, na lazima mtu azame kulitoa. Tulikuwa tunabana pumzi na kuzama kwa zamu. Mtu anashuka, anapapasa, anapanda anahema, anashuka tena. Gogo moja lilikula siku nne.

Bosi wetu, Bwana Kihwele, alikuwa Mbena mmoja mpole mwenye miwani mizito. Mhandisi wa kigeni alipomaliza mkataba wake alimwachia katalogi. Nyie mna online, sisi tulikuwa na katalogi: kitabu cha picha za bidhaa kutoka Uingereza. Unachagua, unajaza fomu ya oda, kibali cha fedha za kigeni kinatafutwa benki, halafu unasubiri mpaka unasahau uliagiza nini.

Ukurasa mmoja ulikuwa na picha ya mzungu anacheka akiwa amekaa kwenye mtumbwi. Pembeni yake kuna mashine ndogo ya petroli ya kusukuma hewa. Kutoka kwenye mashine unatoka mpira mrefu, na mwisho wa mpira kuna regulator. Mashine inabaki juu inanguruma, wewe uko chini unapumua. Mitungi ya mgongoni haihitajiki.

Bwana Kihwele aliutazama ule ukurasa mwezi mzima. Mwishowe akasema, "Kijana, hiki kitu kitatuokoa. Na wewe ndiye utakayeking'ata."

(Naona kabla sijafika popote kuna mtu ameshauliza habari za mamba. Walikuwepo. Ila mlangoni hawakupenda kukaa, maji yalikuwa na kelele nyingi. Mimi mwenyewe sikupenda kukaa pale, lakini mamba hawalipwi mshahara.)

Kreti ilifika. Mle ndani kulikuwa na cheti cha waranti chenye nembo ya kung'aa, mwaka mmoja. Na juu ya skrubu za regulator walikuwa wameweka tone la rangi nyekundu. Maelezo yalisema rangi hiyo ikipasuka, waranti imekufa.

Sasa mimi nina ugonjwa mmoja. Nikiona kitu kimefungwa, lazima nijue ndani kuna nini. Redio ya baba nilishaifungua nikiwa darasa la tatu na nikachapwa. Kidude hiki kilikuwa kinajua nikitaka hewa na kinanipa kiasi changu. Nikiacha kuvuta, nacho kinaacha. Kinajuaje? Nilikuwa nakishika jioni nakigeuza, bisibisi iko mfukoni, natazama lile tone jekundu, halafu nakirudisha.

Nilijizuia, wakuu. Hilo nalisema kwa fahari hadi leo.

Mara ya kwanza kuzama nacho nilitaka kuimba. Unakaa chini kama uko sebuleni, unalizunguka gogo, unafunga kamba bila haraka, wenzako wanavuta. Kazi ya siku nne ikawa ya asubuhi moja.

Kisha panya wa stoo wakaanza.

Stoo ya mradi ilikuwa na panya wenye roho mbaya kuliko karani wa stoo. Wakatafuna ganda la ule mpira mrefu. Bwana Kihwele akasema vitu vitafutiwe mahali penye usalama. Na mahali palipokuwa karibu na mlango wa maji kuliko hata nyumba zetu za mradi palikuwa ukweni kwangu.

Hapa nieleze kidogo. Mke wangu, Regina, ni wa familia ya wafugaji waliohamia Usangu na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Kabila silitaji, msije mkaanza utani wenu humu. Boma lao lilikuwa dakika chache kutoka mtoni. Paka wawili, mbwa watatu, panya hakuna.

Lakini kwa desturi yao, mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni wala hawaongei ana kwa ana. Mkwe haingii anapolala mama, wala hali mbele yake. Nikija bomani mbwa anabweka, mama mkwe anageuza mgongo au anaingia ndani. Akiwa na la kuniambia na hakuna mtu wa kutumwa, anamwambia mbuzi. "Wewe mbuzi, mwambie mkwe kuna maziwa kwenye kibuyu." Nami namjibu mbuzi, "Mwambie mama nashukuru." Mbuzi anaendelea na mambo yake.

Katika miaka mitatu ya ndoa sikuwa nimewahi kumwona yule mama uso kwa uso. Nilimjua kwa mgongo, kwa kitambaa chake cheusi na kwa maziwa yake. Maziwa ya mgando, wakuu, ambayo sijakutana nayo tena popote.

Basi mashine ikakaa uani chini ya turubai, na regulator kwenye mfuko wake wa turubai Regina akaitundika ndani kwa mama yake. Mimi nikalala usingizi.

Mvua zikaja, mto ukajaa. Wiki tatu hakuna aliyethubutu kuingia. Maji yalipopungua, tukakuta magogo yamekaa chini ya mlango na vitalu vya mpunga vya watu vinasubiri maji.

Nikaenda bomani asubuhi kuchukua vifaa. Mfuko ulinuka moshi. Sikushangaa, kila kitu kinachotoka nyumba ile kilinuka moshi, hata shati langu nikikaa pale nusu saa.

Mshika kamba wangu alikuwa Lusekelo, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu wa maneno mengi na mikono yenye nguvu. Nina kamba kiunoni, nikivuta mara tatu anitoe. Mashine ikawashwa, nikavaa miwani ya kuzamia, nikang'ata, nikashuka. Pua imezibwa na miwani, mdomoni nilisikia ladha ya petroli tu kama kawaida.

Nilipofika chini nikapitisha mkono kati ya magogo mawili. Nikavuta pumzi.

Yakaja maji.

Nikatema, nikavuta tena. Maji na hewa kidogo, kama mtu anayekunywa supu kwa pupa. Mkono umebanwa. Nilitaka kupiga kelele, na huko chini kelele huna pa kuzipigia. Nakumbuka niliwaza jambo la kijinga kabisa, kwamba nitakufa na sijajua mle ndani kuna nini.

Sijui mkono ulitokaje, ila alama ninayo mpaka leo. Nilivuta kamba, sikumbuki mara ngapi. Lusekelo alinitoa kama anayetoa ndama tumboni.

"Ndugu yangu," aliniambia nilipomaliza kutapika, "macho yalikutoka kama ya perege. Nimeshaanza kufikiria nani ataniazima suti ya msiba."

Bwana Kihwele alikuja mbio. Alipojua niko hai akaniuliza swali moja. "Umekifungua?"

"Sijakifungua. Tazama rangi."

Rangi nyekundu ilikuwa nzima. Akavuta pumzi. "Basi kosa ni la kiwanda. Waranti ndiyo kazi yake hii."

Na hapo, mjukuu wangu kama unasoma, ndipo elimu ilipoanza.

Tukaandika barua. Jibu likaja na fomu. Kifaa kitumwe kwa rejista, gharama ni za mnunuzi. Kikithibitika kina kasoro ya kiwanda, matengenezo ni bure, ila kukirudisha ni gharama za mnunuzi. Kisipothibitika, mnunuzi atalipa ukaguzi, kazi na spea. Posta nikajaza karatasi za forodha kuonyesha kwamba kitu hiki kinatoka nchini kwenda kutibiwa na kitarudi, wasije wakakitoza tena kama kipya.

Ile fomu ya kiwanda ilikuwa na maswali. Je, kifaa kimefunguliwa? Je, kimepakwa mafuta au grisi? Je, kimekaa karibu na joto au moshi?

Nikajaza Hapana, Hapana, Hapana, kama mtu anayekana kesi. Nikatia sahihi.

Kwenye swali la moshi nilisita kidogo, niseme kweli. Nikawaza ule moshi wa ndani ya nyumba. Nikajiambia moshi wa jikoni si moshi, hata mimi nimelelewa ndani yake na mapafu yangu mazima. Kwenda kuuliza bomani, nimuulize nani? Mbuzi?

Nikangoja wiki kumi na moja. Tukarudi kwenye kubana pumzi. Vitalu vingine vya mpunga vilikauka, na wenye vitalu walipita pale wakinitazama. Kila aliyeniuliza nilimwambia kwamba wazungu wametuuzia kitu kibovu. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, sokoni, ofisini, mpaka kanisani.

Sanduku la posta la mradi lilikuwa Iringa, kwenye ofisi kuu. Habari ilipokuja kwamba kuna bahasha nene ya rejista, nikaomba ruhusa, nikadandia lori la mbao. Likapita Makambako, likapita Mafinga, likashuka hadi Ipogolo na kupanda kile kilima kuingia mjini huku likilia. Mimi nilitaka kushuka nilisukume.

Bahasha niliifungulia pale pale kwenye ngazi za posta. Kifaa hakikuwemo. Kulikuwa na barua iliyopigwa taipu, na kikadi chenye kitu kimebandikwa kwa utepe: kiulimi kidogo cha mpira, kipana kama ukucha wa dole gumba, cheusi, kingo zimejikunja.

Barua ilisema hivi, kwa maneno yangu. Rangi tumeikuta nzima, tunakushukuru. Ndani, kiulimi cha kutolea hewa kimejikunja kwa joto, na kila mahali kuna utando mweusi unaonata. Kiulimi hakizibi tena, ndiyo maana ulivuta maji. Kasoro hii si ya kiwanda. Waranti haihusiki. Gharama ni kama zilivyoorodheshwa, tunasubiri idhini yako.

Nikazitazama zile gharama. Kisha nikaona chini kabisa maandishi ya kalamu, yameandikwa na mtu mwenye haraka.

"Hili ni la udadisi wangu, si la kampuni. Ni moshi wa mti gani? Nimetoa mchanga ndani ya hivi vidude, nimetoa kutu, siku moja nimetoa kaa mzima. Moshi unaonukia vizuri hivi sijawahi. Karakana nzima wamenusa. Nakurudishia kiulimi, nusa mwenyewe."

Nikakipeleka puani.

Wakuu, nilisikia njaa. Nimesimama kwenye ngazi za posta Iringa, watu wananipita na vifurushi vyao, na mate yananijaa. Ule haukuwa moshi wa jikoni. Moshi wa jikoni ni mchungu, unakaa kooni. Huu ulikuwa mtamu, mzito, wenye mafuta mafuta. Ulikuwa ndani ya kibuyu cha maziwa cha mama mkwe wangu.

Ambaye hajui, wafugaji wa kule hawaoshi kibuyu kwa maji peke yake. Wanachukua kijiti cha mti maalumu, wanakichoma kikishika kaa, wanakiingiza kwenye kibuyu, wanafunika na kutikisa. Moshi unaua uchafu na kuyapa maziwa ladha. Kunaitwa kufukiza. Kila mama ana mti wake.

Nilirudi Usangu nimeshika kile kikadi mkononi njia nzima. Nikamwambia Regina, "Kamuulize mama. Taratibu. Usimwambie kitu kingine, muulize tu alifanya nini na kile kidude."

Alikwenda, akarudi jioni akakaa kitandani.

"Nimemuuliza. Amefurahi kwamba umegundua."

"Amefurahi?"

"Amesema alikifukiza. Mara tano. Kila alipofukiza vibuyu vyake, na chenyewe akakifukiza. Amesema kina mdomo, kina tumbo, na kilikuwa kinanuka mpira. Amesema, 'Kitu kinachoingia mdomoni mwa mkwe wangu, nikiache kinanuka? Mimi siwezi kumtazama, siwezi kumsalimia kama watu. Nifanye nini basi ajue nampenda?'"

Nililia, wakuu. Sioni aibu kuandika.

Regina naye akauliza lile lililokuwa limenikaa kifuani. "Tutamwambia kwamba ulitaka kufa?"

Yule mama alikuwa amezika watoto wawili wa kiume. Regina alijua, nami nilijua, kwamba akisikia moshi wake ndio ulionitia maji mapafuni, hatafukiza kibuyu tena. Labda hataniruhusu hata kukanyaga bomani, kwa kujiogopa yeye mwenyewe. Basi tukakubaliana asijue. Aambiwe tu kwamba vitu vya ndani vya kile kidude vinaogopa joto, na kwamba mafundi wa Uingereza wameusifu moshi wake. Yote mawili yalikuwa kweli.

Asubuhi nikaenda kwa Bwana Kihwele, nikamweleza kila kitu.

Akavua miwani. "Umetangaza mpaka kanisani kwamba kiwanda kimetuuzia ubovu."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa gharama hizi nimwandikie nani? Mama mkwe wako?"

"Niandikie mimi. Niliulizwa kwenye fomu, nikajibu bila kuuliza nyumbani."

Akavaa miwani tena. Akasema zitakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara, na kwamba akisikia mtu anamtania yule mama, atamhamishia stoo akaishi na panya. Jumla ilikula kama mishahara yangu miwili na nusu. Jumapili nikasimama kanisani baada ya matangazo, nikasema kiwanda hakikukosea. Watu walicheka. Haidhuru.

Nikamwandikia yule fundi ukweli wote. Mama mkwe aliposikia kuna mtu Uingereza anaulizia mti wake, alituma kipande cha kijiti kirefu kama kidole. "Mpelekeeni, inaonekana kwao hakuna." Nikakitia kwenye bahasha.

Kifaa kilirudi kimetengenezwa. Waranti haikufufuka, msijidanganye, nililipa kila kitu isipokuwa ukaguzi, ambao yule fundi aliufuta kwa kalamu yake. Aliandika kwamba kijiti amekiweka kwenye droo ya meza, na kila mtu sasa anakuja kuazima kalamu asizozihitaji.

Na safari hii nikafungua. Waranti haipo, unaogopa nini? Nikapasua rangi nyekundu waliyoitia upya na hatimaye nikaona: kiwambo cha mpira, wenzo mdogo, na kiulimi kipya. Ukivuta, kiwambo kinaingia ndani na kubonyeza wenzo, hewa inakuja. Ukipumua nje, kiulimi kinaachia. Basi. Kitu rahisi mno. Nilikaa nacho mchana kutwa.

Ndipo nilipoona kwamba kile kipande cha mpira cha kung'ata kimefungwa kwa nje tu, kwa waya. Unakitoa bila kugusa cha ndani. Nikakichomoa, nikampa Regina ampelekee mama yake akifukize anavyotaka. Cha ndani nikabaki nacho mwenyewe. Kilipokuja kutoka kwa mama kilinukia vizuri kabisa.

Nilidhani nimemaliza. Nilimsahau Lusekelo.

Lusekelo alikwenda bomani kununua maziwa. Akiwa anasubiri, maneno yakamtoka, namna alivyonivuta mtoni, namna macho yalivyokuwa, namna barua ilivyosema ni moshi. Hakuwa na ubaya, mdomo wake tu hauna kizibo. Mama mkwe alimpimia maziwa yake, akaingia ndani. Lusekelo akaja kuniambia akiwa amenyong'onyea.

Siku mbili baadaye ilikuwa siku ya kuzama. Gogo la mwisho, lile kubwa. Watu wa mashamba walikuwa wamejaa ukingoni.

Nikiwa nafunga kamba kiunoni, watu wakapisha njia. Mama mkwe amekuja.

Hakuwahi kufika mtoni nikiwa kazini. Mimi niko kifua wazi, nimevaa kaptura, ni jambo lisilowezekana kabisa. Akatembea hadi karibu na mashine. Akageuka, akaupa mto mgongo, akasimama akitazama mashamba. Kitambaa cheusi, mikono imekunjwa.

Nikang'ata kile kipande chake, nikashuka.

Nilikaa chini karibu nusu saa. Hewa ilikuja kila nilipoiita. Gogo lilikuwa limejichimbia kwenye tope, nikafunga kamba mahali pawili, nikatoa ishara, wakavuta, likakataa, nikafunga upya. Lilipotoka nilisikia maji yanapita pembeni yangu kwa nguvu kuelekea mfereji.

Lusekelo ndiye aliyenisimulia baadaye kilichokuwa kinaendelea juu. Yule mama hakugeuka hata mara moja. Alikuwa anauliza tu, kila baada ya muda kidogo, akiwa anatazama mashamba.

"Mapovu yapo?"

"Yapo, mama."

"Mapovu yapo?"

"Yapo."

Lusekelo, mtu wa maneno mengi, anasema siku ile hakuwa na neno jingine.

Nikatoka. Nikakaa ukingoni, mashine ikazimwa. Watu walikuwa wameanza kushangilia maji yaliyoingia mferejini.

Yeye akiwa bado amegeukia kule, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Umetoka?"

Alikuwa ananiambia mimi.

"Nimetoka, mama."

"Sawa."

Akaondoka kurudi bomani. Ndiyo mazungumzo pekee niliyowahi kuwa nayo na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Aliendelea kukifukiza kile kipande mpaka nilipohamishwa.

Funzo langu ni hili, wakuu. Mtengenezaji anabeba kosa lake tu, usafiri na ushuru ni mzigo wako hata ukiwa na haki. Hesabu hayo kabla hujashangilia bei. Na fomu ikikuuliza kifaa kimekaa wapi na kimefanywa nini, usijaze kwa kiburi. Zunguka nyumba nzima uulize. Hata kama kuna mtu huruhusiwi kuongea naye, tafuta njia, mtume mtu.

Mjukuu wangu nimemwambia kwanza awaulize wenzake anaoishi nao wanakioshea nini. Amenuna.

Wenye visa vya waranti mwageni hapa, na wanaotaka kunibishia kuhusu zile regulator za zamani karibuni, muda ninao.

Nyongeza: Regina amesoma kabla sijatuma. Amesema mbona hujaandika kwamba mama alikuwa hajala. Nikamuuliza hajala nini. Akasema tangu Lusekelo aropoke, siku mbili, mama yake hakutia kitu mdomoni, hata maji kwa shida. Siku ile alirudi kutoka mtoni, akakaa chini, akaomba ugali.

Miaka yote hii sikujua. Ngoja nitoke nje kidogo, nitawajibu baadaye.